Hatua Uliyoiruka

Taipei, 6 Machi 1994

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, kuku wazima, na paa bado liko juu ya nyumba. Mama anakusalimu sana. Goti lake la kushoto limepona, na sasa linauma la kulia, lisije likaona limebaguliwa. Mimi sijambo, kama inawezekana kusema hajambo mwanaume wa miaka thelathini na nne anayeishi chumba kimoja na skripti tatu zilizokataliwa.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Kituo cha televisheni kimenipa nafasi ya mwisho. Mtayarishaji wetu, Bwana Pan, anataka tamthilia ya upelelezi ya sehemu sita, na sharti itokee kwenye kazi ambayo mtazamaji haijui. Hospitali zimeshachosha, benki zimeshachosha. Nikamwambia "chai", kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu kikombeni. Akafurahi kupita kiasi. Nimkabidhi ifikapo tarehe ishirini Agosti, la sivyo jina langu linafutwa na narudi kuandika matangazo ya dawa ya mende.

Ninachojua mimi kuhusu chai ni kwamba huwa ya moto. Wewe umeishi Shuikeng miaka thelathini, na kibao cha ushindi wa kwanza wa mwaka 1981 cha marehemu mumeo kimetundikwa sebuleni kwako. Nisaidie. Sehemu ya kwanza nimeshaiandika, iko humu bahashani: mashindano ya chai, jaji mkuu anaonja kikombe namba kumi na saba, anashika koo, anaanguka. Sumu. Unaonaje?

Mwanao,
Tien-yu


Shuikeng, 20 Machi 1994

Tien-yu,

Marahaba. Kuku wapo, paa lipo. Mwambie mama yako goti analikalia mno, na namba tatu ya mtaa wenu kuna ngazi, azipande. Mwambie pia nimeuliza kama umeoa, ingawa jibu nalijua.

Nimeisoma sehemu yako ya kwanza. Nimeisoma mara mbili, nikidhani nimekosea mimi. Mwanangu, jaji wa chai hamezi. Anachota kwa kijiko, anaivuta kwa kelele kama mtu mwenye mafua, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo. Kwa siku moja anapita vikombe mia tatu. Angekuwa anameza angekufa mwenyewe, asingehitaji msaada wako. Umemuua mtu kwa chai aliyoitema. Hongera.

Halafu watu wa chai hawauani. Wanaacha kusalimiana miaka ishirini. Ni kazi nyepesi zaidi na haichafui sakafu.

Shangazi yako,
Man-ju


Taipei, 4 Aprili 1994

Shangazi,

Shikamoo, na ahsante kwa kunipokea kwa upole. Mama amezipanda ngazi za namba tatu. Sasa magoti yote mawili yanauma na anasema ana la kuzungumza nawe.

Jaji nimemfufua. Nimeona gazetini picha ya wanawake wanaochuma chai, wamejifunga wembe kwenye kidole cha shahada kwa utepe. Wembe! Wanawake thelathini shambani, kila mmoja na silaha kidoleni, na mmoja hampendi mwenzake. Bwana Pan ameanza kuchora damu kwenye majani.

Ila ameniuliza pia jambo la maana. Nieleze kila hatua, tangu majani yakiwa mtini mpaka kikombe kinapofika mbele ya jaji. Anataka kujua mtu angefanyia hila wapi. Usiruke kitu.

Tien-yu


Shuikeng, 29 Aprili 1994

Tien-yu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu huku tuna msimu wa masika, na majani hayakujua kwamba televisheni inasubiri.

Kuhusu wembe: ni nusu ya wembe, na unatoka nje ya utepe kiasi cha ukucha. Kwa chombo hicho ukitaka kumuua mtu lazima akusaidie, akae kimya, tena asiwe na haraka. Wachumaji wetu wanalipwa kwa uzito. Hakuna atakayesimama kuua wakati jua linapanda.

Hatua, basi. Kwanza unachuma umande ukishakauka, kichipukizi na majani mawili au matatu. Pili unayatandaza juani yanyauke. Tatu unayaingiza ndani kwenye ungo, unayatikisa, unayaacha, unayatikisa tena, mpaka yanukie maua. Hapo ndipo wanaume hujifanya manabii. Nne unayakaanga kwenye pipa la moto ili yasiendelee kugeuka. Tano unayafunga kwa kitambaa na kuyaviringisha mpaka yawe vidonge. Sita unayakausha kwa makaa, na fundi hupima joto kwa mgongo wa mkono, si kwa kipimo. Saba yanapelekwa chama cha wakulima, yanapimwa uzito, jina la mwenye mali linafichwa na inawekwa namba. Karani wa mizani ana mbwa anaitwa Waziri, analala chini ya mizani, mara mbili wamempima naye. Nane, majaji. Gramu tatu, maji ya moto, dakika sita, vikombe vyeupe. Namba hazifunguliwi mpaka mshindi ajulikane.

Hila haina pa kupita. Mwambie Bwana Pan afanye tamthilia ya mapenzi.

Man-ju


Taipei, 23 Mei 1994

Shangazi,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri, ameamua kuwa mgonjwa wa bega.

Barua yako nimeibandika ukutani. Nimefanya na utafiti wa kisomi: nimekwenda maktaba nikapata kijitabu kimoja cha kilimo cha chai, kurasa kumi na mbili, tano zikiwa picha za maofisa. Lakini ukurasa wa tisa kuna wanawake wamezunguka meza ya duara, kila mmoja na lundo la chai mbele yake, wanachambua vijiti kimoja kimoja kabla chai haijaenda mashindanoni.

Nikaikumbuka ile meza. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, likizo, nikakaa kwenu kati ya akina mama wanane wanaochambua vijiti na kunichambua mimi. Meza hiyo ni yako. Chai ya nusu ya kijiji inapita hapo. Umenieleza hatua nane, umenipa mpaka jina la mbwa, ukairuka hatua moja, na ndiyo unayoifanya wewe kila msimu.

Bila shaka umepitiwa. Lakini ona ilivyoniangukia. Mwenye meza ni mke wa mkulima. Mume ameiunguza chai yake. Chai ya jirani, nzuri kupita zote, iko kwenye meza hiyohiyo, bado haina namba. Mke anabadilisha. Mume anakuwa bingwa, jirani anaangushwa. Hakuna maiti hata moja na Bwana Pan hajalalamika. Nataka kujua kitu kimoja tu cha kifundi: inawezekana?

Tien-yu


Shuikeng, 30 Juni 1994

Tien-yu,

Marahaba. Huku ni wazima. Yule kuku mwenye doa amelalia mayai kumi na moja na ametotoa tisa. Pole ya bega mpe mama yako. Mvua ni nyingi.

Kuhusu swali lako, kalamu inaniishia wino.

Matango mwaka huu yamekubali. Nimetia chumvi mitungi minne, na mmoja ni wa kwenu, nitampa dereva wa lori la mbolea aulete mpaka stendi. Usiufungue kabla ya wiki tatu kama ulivyofanya mwaka juzi ukaja kulalamika kwamba ni machungu. Unatakiwa kuwekewa jiwe juu. Jiwe lisiwe la barabarani, lisije likatoa lami. Uliza mama yako, analo la mto. Ukiona povu juu usiogope, liondoe kwa kijiko safi. Matango ni chakula kizuri kwa mtu anayefikiri sana.

Man-ju


Taipei, 24 Julai 1994

Shangazi,

Shikamoo. Mtungi umefika na jiwe limekaa juu yake. Kalamu yako iliyoishiwa wino imenipa maelekezo mazuri sana ya matango.

Nimeandika zote sita. Shangazi, ni nzuri. Najua ni nzuri kwa sababu naiogopa. Nilipofika sehemu ya nne nilihitaji kujua mke angejisikiaje baadaye, na sikuwa na wa kumwuliza ila mtu mmoja, na huyo anaandika kuhusu kuku. Ndipo nikazitoa barua zako ukutani nikazisoma upya. Sitauliza. Nakwambia tu kwamba naufikiria mwaka ulioandikwa kwenye kile kibao na sipati usingizi mzuri.

Majina nimebadilisha, kijiji nimebadilisha. Lakini Shuikeng wana televisheni, na watu wa Shuikeng si wajinga. Ukisema hapana, naichoma na kurudi kwenye mende. Ukinyamaza mpaka tarehe ishirini Agosti, nitahesabu kuwa umekubali, maana kimya chako nimeshajifunza kukisoma.

Tien-yu


Shuikeng, 9 Agosti 1994

Tien-yu,

Leo sina salamu. Usithubutu.

Kimya changu hujajifunza kukisoma. Umejifunza kukitumia. Mtu anayempa shangazi yake tarehe ya mwisho anajua anachofanya, na usijifiche nyuma ya Bwana Pan.

Haya, nitajibu usilouliza. Masika ya 1981 mume wangu Jung-kun alikausha chai ya mashindano akiwa na chupa pembeni, akalala, makaa yakaiunguza. Hakuonja. Alikuwa hodari wa kutokuonja. Chai ya Lai Shui-mu, jirani wa bondeni, ilikuwa mezani kwangu siku ileile. Nilitia mkono tu nikajua. Harufu yake ilinitia wivu. Watu wote waliniletea chai katika mifuko myeupe ya kitambaa, inayofanana, iliyotofautiana kwa rangi ya uzi shingoni. Wa Lai ulikuwa mwekundu, wetu wa buluu. Wenzangu walikwenda kula. Nilifungua nyuzi mbili nikafunga nyuzi mbili. Hilo la nyuzi sijamwambia mtu duniani ila wewe, na mume wangu amekufa akiamini yeye ni bingwa.

Ulidhani imeishia hapo? Baada ya mashindano Lai alirudishiwa chai iliyoungua. Akaitia maji ya moto, akaionja, akaketi siku nzima kibarazani akitazama mikono yake. Mwanaume yule alikuwa akipima joto la makaa kwa mkono vizuri kuliko mtu yeyote hapa. Aliamini mikono imekufa. Mwaka uliofuata aling'oa chai yote akapanda mipopoo, ile ya kutafuna na tambuu, kwa sababu popoo haidai mikono. Alikufa mwaka 1988, hajakausha chai tena. Mjane wake, A-yueh, huja mezani kwangu kila msimu kuchambua vijiti. Nimempikia chakula cha mchana miaka kumi na mitatu na kila siku nakula kwa kuangalia bakuli.

Ukiionyesha, atajua. Sina mwingine, Tien-yu. Wanangu wako mjini Kaohsiung wanapiga simu kwenye sikukuu. Aliyebaki ni huyo mwanamke, na meza. Ichome.

Man-ju


Taipei, 1 Septemba 1994

Shangazi,

Barua yako imenifikia jana. Muhuri wa posta unasema tarehe kumi. Dereva wa posta amesema tufani iliangusha daraja lenu na magunia yalikaa chini wiki tatu.

Skripti niliipeleka tarehe ishirini, saa nne asubuhi. Niliona magazeti yanaandika tufani. Nilijua njia ya kwenu hufungwa kwanza. Nilijiambia kwamba ungetaka kusema ungeshasema Julai. Sina la kujitetea, na hata nikiwa nalo usilipokee.

Leo nimekwenda kwa Bwana Pan kuiomba. Ameniambia kandarasi imesainiwa, waigizaji wameshapimwa nguo, na ameniuliza kama nina homa. Itaonyeshwa Jumapili alasiri kuanzia Oktoba. Amebadilisha kitu kimoja: nilikuwa nimeandika "chombo" tu, yeye ameweka makopo ya bati, kwa sababu yanatoa sauti. Mke wa tamthilia atabandua karatasi kwenye makopo. Nilitaka nikwambie hili kama faraja, nikaona jinsi linavyosomeka.

Wamenipa mkataba wa miaka miwili. Mama amewatangazia majirani. Nisamehe, au usinisamehe, lakini niandikie.

Tien-yu


Shuikeng, 27 Novemba 1994

Tien-yu,

Barua zako tano za Septemba, Oktoba na mwezi huu nimezipata zote. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nakuchukia, na kuchukia kunahitaji muda. Kuku wazima. Mtungi wa matango mwaka huu hupati.

Televisheni kubwa iko kwangu, kama unavyojua, wanangu waliinunua ili wasije wenyewe. Kwa hiyo tamthilia yako imetazamwa hapahapa, kila Jumapili, kwenye meza, wanawake tisa na chai ya majira ya baridi mbele yao. Ningewafukuza kwa kisingizio gani? Wiki ya kwanza walicheka kwa sababu mwigizaji wako ananyausha chai kivulini. Wiki ya pili walicheka kwa sababu bingwa amevaa tai shambani. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote. Utafiti wako wote ule, na umemvalisha mkulima tai.

Jumapili iliyopita ikafika sehemu ya tano. Yule mke akabaki peke yake na makopo. Akabandua karatasi, akabandika, muziki ukalia, na mezani hapakuwa na aliyecheka. Nilikuwa nimeshika kijiti kimoja muda mrefu mpaka kikalainika. A-yueh alikuwa kulia kwangu, mahali pake pa siku zote. Hakuinua kichwa.

Akasema, "Wamekosea. Hakukuwa na makopo. Zilikuwa nyuzi. Wetu mwekundu, wenu buluu."

Akaendelea kuchambua. Wenzetu wakakumbuka, wote kwa pamoja, kwamba wameacha vyungu jikoni, wakaondoka, na mmoja akaenda na viatu vyangu.

Nikamwuliza alijua lini. Akasema, "Siku ileile. Niliporudi kutoka kula nilitia mkono kwenye mfuko wenye uzi wetu. Unadhani chai ya mume wangu siijui kwa vidole? Nilikuwa nimeichambua usiku kucha nyumbani kabla ya kuileta kwako."

"Na hukusema."

"Kwamba nini? Meza ni yako. Msimu wa baridi nilikuwa nalisha watoto watatu kwa meza hii. Nikasema, atakuja kusema mwenyewe, ana haya huyu. Mwaka ukaisha. Ukanipikia. Nikasema, basi mwakani. Unapika vizuri, Man-ju, lakini miaka kumi na mitatu ni mchuzi mwingi."

Nikaanza kulia, na sikulia kwa adabu. Nikamwambia nimemwua mume wake. Nilitaka anipige. Akaweka lundo lake pembeni, akafuta mikono.

"Ulimwibia chai," akasema. "Aliponiuliza kama mikono yake imekufa, aliyenyamaza ni mimi. Aliniuliza kila mwaka. Tulilala kitanda kimoja. Kwa hiyo usijifanye mkosaji peke yako, hiyo nayo ni kuringa."

Hatukukumbatiana, kama Bwana Pan ana hamu ya kujua. Alizima televisheni, kwa hiyo mwisho wa sehemu ya tano hatuujui. Ya leo hatukuitazama.

Leo asubuhi tulikwenda kaburini kwa Lai. Kibao cha ushindi nilikibandua nikakibeba, ni kizito kuliko nilivyofikiri, na msumari umeacha tundu ukutani. Nilisimama nikasema yote kwa sauti, tangu chupa ya Jung-kun. A-yueh alisimama nyuma yangu akinisahihisha. Nilisema mwezi wa tano, akasema wa nne. Nilisema mifuko miwili, akasema mitatu, wa tatu ulikuwa mdogo. Nikaendelea hivyo mpaka nilipofika kwenye mikono yake.

A-yueh akanipita, akapiga magoti mbele ya jiwe, akaliondolea majani makavu kwanza.

"Mikono yako ilikuwa mizima, mzee," akamwambia. "Mizima kabisa, mpaka siku uliyokufa."

Shangazi yako,
Man-ju